Kikombe cha Bi Dunia

Mume wangu Telesphory anaogopa aibu kuliko anavyoogopa kaburi. Nalisema hilo naye akiwa pale barazani anasikia, na akitaka kunibishia aje anibishie. Nimeshamwambia usoni mara nyingi, na jibu lake huwa ni kuinamisha kichwa na kutafuta uzi.

Ni fundi cherehani. Pale mtaani kwetu Rusimbi, ukitaka kaptula ya shule isiyochanika matakoni kabla muhula haujaisha, unaambiwa nenda kwa Telesphory. Wakubwa wa mjini wenyewe walikuwa wakimletea vitambaa awashonee Kaunda suti. Juu ya hayo, miaka ile ya Ujamaa alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Kuku wa fulani akiingia bustani ya fulani, anaitwa balozi. Mgeni akilala mtaani, anaambiwa balozi. Ofisi ya TANU ikitaka watu wafanye jambo, inamtuma balozi, na watu wasipolifanya analaumiwa balozi. Mshahara hakuna. Mshahara wake ulikuwa chai.

Kila nyumba atakayoingia, chai. Na chai ya kwetu haiulizwi sukari. Sukari inatiwa jikoni, ndani ya birika, na mwenye nyumba anaona fahari ikiwa tamu mpaka midomo inanata. Mwaka ule sukari ilikuwa imeadimika. Watu walipanga foleni dukani tangu alfajiri, na aliyeipata aliificha uvunguni. Watoto walikunywa uji wa chumvi ili siku Balozi akibisha hodi mama yao asiaibike. Sasa mtu kama huyo akikuletea kikombe, wewe unakikataaje?

Ugonjwa wake tuliuona kwanza chooni. Sisimizi walikuwa wakijazana pale alipokojoa, na watoto wetu wakacheka, nikawachapa. Akawa anakunywa maji kutwa nzima kama aliyekula dagaa wa chumvi, na suruali zake mwenyewe akawa anazipunguza kiuno kila mara. Kisha akakanyaga sindano yake. Kidonda kidogo tu, kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Nikakiosha kwa maji ya chumvi, nikakifunga kitambaa, nikajua kitapona. Hakikupona. Kilikaa pale kinanuka, na yeye akaendelea kukanyaga cherehani kwa mguu ule ule.

Jumatatu moja nilimburuta hospitali mwenyewe. Daktari alikuwa kijana, mpole, lakini si mtu wa maneno mengi. Mkojo wa mume wangu ulichanganywa na dawa ya buluu kwenye kichupa, ukachemshwa, ukageuka rangi ya tofali. Daktari akautazama kwenye mwanga wa dirisha, akatugeukia.

"Mzee, una kisukari, na kiko juu sana. Kuanzia leo sukari usiionje. Chai kunywa bila sukari. Soda, asali, ndizi mbivu, acha. Ugali kula kidogo, mboga na samaki kula sana. Vidonge hivi umeze. Na mguu uupumzishe."

"Na kidonda?" nikauliza mimi.

"Arudi Jumatatu ijayo. Sukari ikiwa imeshuka, kidonda kitaanza kufunga. Isiposhuka uozo utapanda, na itabidi nikate." Akachukua kalamu, akaonyesha juu ya mguu wa mume wangu mahali atakapokata. Hakuonyesha kwenye kidole. Alionyesha katikati ya unyayo.

Njiani alichechemea mbele yangu mpaka tulipokaribia nyumbani. Ndipo akasimama. "Mama Leodgar, jambo hili libaki kati yangu na wewe."

Nilijua sababu yake. Mtaani kwetu walikuwa wakisema mwanamume akipatwa na ugonjwa ule, chumbani kwisha habari yake. Walishamsema hivyo mzee mmoja aliyekuwa karani bandarini, wakamwimbia hadi kwenye ngoma. Telesphory alikuwepo siku ile, na alicheka na wenzake. Basi akatoa rozari mfukoni, akaniwekea mkononi, nikaapa kwamba sitamwambia mtu. Moyoni nilifikiri ni wiki moja tu, nitamlinda kinywa chake kama mtoto wa kunyonya.

Na wiki yenyewe sasa. Ilikuwa ndiyo ya mwisho kabla ya mtihani wa kisomo cha watu wazima, nchi nzima. Kila balozi aliambiwa ahakikishe watu wake wote wasiojua kusoma wamefika darasani, wamejifunza, na siku ya mtihani wako kwenye benchi. Mtaa wetu ulikuwa na wazee wengi, na wazee hawaendi darasani kwa kutangaziwa. Wanafuatwa nyumbani, wanabembelezwa, wanashikwa mkono wakiandika. Na kubembeleza mtu huwezi ukiwa na kinywa kikavu.

Mimi nilifanya sehemu yangu. Nilimpikia migebuka ya kuchemsha, samaki wa ziwani kwetu, mchicha, maharage, na ugali kipande cha kutosha kiganja. Chai yake nilimchemshia peke yake, na majani ya mchaichai ili angalau inukie. Akiinywa anakunja uso kama aliyepewa mwarobaini, lakini anainywa. Kwangu, sukari haikumgusa. Ila mume wa mtu hakai jikoni kwa mkewe.

Jumatatu ile ile, tulipotoka hospitali, aliingia nyumba tatu, na kila nyumba alitoa uongo wake. Ya kwanza alisema jino linamuuma. Ya pili alisema ametoka kunywa sasa hivi. Ya tatu alisema amefunga, wakamuuliza Mkristo amefunga nini wakati Kwaresima ilishapita, akabaki anakohoa. Jioni ananihadithia hayo huku anacheka, anajiona mjanja.

"Baba Leodgar," nikamwambia, "si useme tu daktari amekukataza? Hata usitaje ugonjwa."

"Nikisema daktari, watauliza ugonjwa gani."

"Useme tumbo."

"Tumbo, kisha wanione nakula maharage?" Alikuwa na jibu kwa kila kitu. Kichwa cha mume wangu, ukikigonga kwa nyundo, nyundo ndiyo inayokwenda kwa fundi.

Jumanne akaenda kwa Bi Dunia.

Bi Dunia alikuwa mjane, Mmanyema, wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani. Aliishi peke yake nyumba ya mwisho kuelekea bondeni. Mwanawe alikuwa Ilagala anavua. Sijui nimwelezeje mtu asiyekaa mitaa ya kwetu. Mwanamke mzee, peke yake, mke mwenzake alikufa ghafla miaka ya nyuma, na ana bahati ya mboga kustawi kwenye ukame. Basi. Watu hawakuhitaji zaidi ya hayo. Hakuna aliyemwambia mchawi mbele yake, lakini watoto waliitwa ndani akipita, na chakula chake kwenye misiba kilibaki kwenye sahani. Kwetu ukikataa chakula cha mtu kama yule, hujakataa chakula. Umetangaza unachomdhania.

Na mume wangu alikuwa ndiye mtu pekee mtaani aliyekuwa akila kwake bila kujiuliza. Ndiyo maana Bi Dunia alikuja darasani, kwa sababu ya Balozi. Alishajua kuandika jina lake lote, na alikuwa akiliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko.

Siku hiyo walikuwepo watu barazani kwake, waliofuata kununua mboga zake, na Mama Selestini jirani yetu akiwa mmoja wao. Bi Dunia akaleta birika na kikombe chake cha maua, kimoja tu alichokuwa nacho kizima. Akamimina, akakiweka mbele ya mume wangu kwa mikono miwili.

"Leo nimeipata nyeupe kabisa, Balozi, sukari yenyewe hasa. Mwanangu ameniletea kutoka Ilagala."

Mume wangu akakitazama kikombe. Uongo wa jino, wa kufunga, wa kushiba, wote ulimkimbia. Alisema tu, "Hapana, Bibi, leo sinywi." Akasimama, akaondoka.

Haya niliambiwa na Mama Selestini mwenyewe kesho yake, bombani, mbele ya wanawake wote. Alisimulia na kuongeza chumvi. Balozi eti alirudi nyuma hatua, eti alijifuta mkono. "Hata Balozi amemkwepa," akasema, "sisi tulipokuwa tunasema mlituona wambea. Ameona kitu kwenye kile kikombe."

Bi Dunia alikuwa kwenye foleni. Alisikia yote. Zamu ya ndoo yake ilipofika, mtu mmoja aliisukuma kwa mguu, na wa nyuma yake wakatanguliza zao.  Aliichukua ndoo yake tupu na kurudi nayo nyumbani.

Nilikuwa na neno moja tu mdomoni, kisukari, na ningelitema pale yangeisha. Lakini niliapa kwa rozari. Nikajitwika ndoo yangu, maji yakanimwagikia mgongoni njia nzima, na hasira kama ile sikumbuki kuwa nayo tena.

Nilimkuta mume wangu anashona. "Unajua ulichofanya?" Nikamweleza. Mguu wake ukasimama juu ya cherehani.

"Nenda ukawaambie ukweli," nikasema. "Nenda sasa hivi, mchana huu, useme mimi nina kisukari, daktari amenikataza, basi."

Akakata uzi kwa meno. Kisha akasema, "Nikisema leo, watadhani namfichia. Watasema Balozi ametunga ugonjwa ili kumsitiri mchawi. Cha kumsafisha yule mama ni kimoja."

"Usithubutu."

"Ni kikombe kimoja, Mama Leodgar."

"Na mguu?"

"Kikombe kimoja hakikati mguu."

Nilimshika shati. Nililia, nikamtukana hata matusi ya Kiha ambayo mama yangu alinikataza. Nikamwambia anaogopa aibu ya watu kuliko kuniacha mimi na watoto na fundi asiye na mguu. Alinitoa mikono polepole, akavaa koti lake la mikutano.

Alhamisi jioni alikaa barazani kwa Bi Dunia mtaa mzima ukiwa unapita, maana alichagua saa watu wanatoka sokoni. Akaomba chai yeye mwenyewe, kwa sauti. Akanywa kikombe, akasema kitamu, akaomba cha pili. Bi Dunia alikuwa akimmiminia huku machozi yanamtoka, chai inamwagika kwenye kisahani. Hata ya kwenye kisahani mume wangu aliinywa. Nilimwona kwa macho yangu, nimesimama nyuma ya ua kama mwizi.

Lile jambo lilifaa, sikatai. Ijumaa asubuhi Bi Dunia alichota maji na hakuna aliyemsukuma. Lakini mume wangu hakufikiria kitu kimoja ambacho mimi nilishakifikiria usiku ule ule. Wale wa nyumba tatu za Jumatatu, na wengine wote, walikuja na maneno yao. "Balozi, kwa Bi Dunia umekunywa viwili, kwetu ulisema jino." "Kwetu ulifunga." "Au sisi ndio wachawi?" Walisema kwa utani, lakini utani wenyewe ulikuwa na meno. Ijumaa alikunywa chai kila nyumba aliyoingia. Jumamosi, siku ya mtihani, watu wa ile nyumba ya pili walimfuata na birika hadi nje ya darasa.

Mimi niliendelea na migebuka yangu na mchicha wangu. Nilikuwa kama mtu anayefagia ua huku mwingine anamwaga takataka nyuma yake.

Bi Dunia alifanya mtihani. Alikaa benchi la mbele, amefunga kanga mpya, akaandika jina lake na sentensi mbili, akasoma kwa sauti mbele ya msimamizi. Mume wangu alipiga makofi kuliko wote. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, wa kulia ameuning'iniza, kiatu hakiingii tena.

Jumatatu daktari hakuhitaji hata kichupa. Alifungua kitambaa, akanusa, akanitazama mimi. "Mama, alikula nini?"

Nikamjibu, "Alikula heshima." Daktari alidhani nimechanganyikiwa.

Walikata pale pale alipoonyesha kwa kalamu.

Sasa ungedhani yameisha. Siku ya pili yake natoka hospitali kuchukua nguo safi nyumbani, namkuta Mama Selestini mlangoni kwangu, amejitanda kanga kama mfiwa. "Pole, mwenzangu," akasema. "Si tulisema? Alikikataa kikombe mara ya kwanza, roho yake ilimwonya. Akarudi, akanywa. Sasa umeona mguu."

 Nikauliza Bi Dunia yuko wapi. Akasema vijana wamepiga mawe bati lake usiku, na mwanawe ameitwa Ilagala aje amhamishe kabla hawajachoma nyumba. Ukuta wa jiko, pale alipokuwa akijifunzia kuandika, mtu alikuwa amepaka kinyesi.

Nilimgeuzia Mama Selestini mgongo, nikarudi hospitali kwa miguu, na nguo safi nikazisahau. Mume wangu alikuwa amelala chali, uso umekuwa wa majivu. Sikumbembeleza. Wauguzi waliniambia niseme polepole, sikusema polepole.

"Umekunywa chai ili asiitwe mchawi. Sasa anaitwa mchawi kwa sababu ulikunywa. Watamchomea nyumba. Niambie, Telesphory, hiyo siri yako bado unaitaka? Kaa nayo basi. Ilale na wewe hapo kitandani, mahali pa mguu."

Sikuwahi kumwita kwa jina lake tangu tuzae. Alifumba macho. Nilifikiri amelala, kumbe analia. Baada ya muda akaniambia nimwombe daktari ampe ruhusa ya kutoka, hata ya mchana mmoja.

Daktari alikataa. Alikataa kesho yake pia. Alipokubali, mwana wa Bi Dunia alikuwa ameshafika na mkokoteni, amepakia kitanda na masufuria. Mume wangu aliletwa kwa baiskeli, ameshikwa kiunoni, magongo nimebeba mimi. Akateremshwa barazani kwa Bi Dunia, akawaita watu wa nyumba zote. Balozi akiita, watu wanakuja, hasa wakijua kuna kitu cha kutazama. Mama Selestini alikuwa wa kwanza.

Alisimama kwa magongo, jasho linamtiririka. Aliwaambia ana kisukari. Aliwaambia kuhusu sisimizi, kuhusu mkojo rangi ya tofali, na alichokatazwa na daktari, na kwamba alijua. Akasema, "Mnaotaka kucheka chumbani kwangu kukoje, chekeni sasa nikiwa nimesimama, nimalizane nanyi." Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia. Mama Selestini alitazama chini, kisha akaenda kwenye mkokoteni, akashusha sufuria moja, akairudisha jikoni bila kumtazama mtu.

Bi Dunia alikuwa amekaa juu ya furushi lake. Alikuwa anamwangalia mume wangu tangu mwanzo, kama mtu anayefanya hesabu ngumu.

"Ulijua, mwanangu? Siku ile unaomba cha pili, ulijua?"

"Nilijua, Bibi."

"Na ile siku ya kwanza, uliyosema sinywi, ulikuwa umekatazwa tu na daktari?"

"Ndiyo, Bibi. Samahani."

Bi Dunia akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningekuchemshia bila sukari."

 Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikakaa chini, nikalia kwa hasira mpaka waliponiita nije nimsaidie mume wangu kukaa.